Kliniki ya mbwa tuliyompeleka Mtasema wetu aliyezeeka: nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Nimeanza na hilo maana najua wengi mnasoma mstari wa kwanza alafu mnaenda kuangalia picha. Jina la kliniki silitaji, sijalipwa kuitangaza na pia kuna mambo yao nitayasema humu, ila ni upande wa barabara ya Bagamoyo, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa kliniki, wanatibu mbwa na paka tu, hawana habari za vifaranga wala dawa za ng'ombe. Na haya maoni ni ya mtu mwenye mbwa mzee. Kama una kitoto cha mbwa kinachotaka chanjo basi kliniki nyingi za Dar utaona zinafanana, sindano inachomwa, kadi inagongwa muhuri, mnarudi nyumbani. Mbwa mzee ndo anakuonyesha dokta yupi ni dokta.

Mbwa wetu anaitwa Mtasema. Jina alitoa bi mkubwa, kipindi hicho kulikuwa na maneno na majirani kuhusu ukuta, na nyie mnajua mambo ya majina ya mbwa uswahilini, mtaa wetu tu kuna Hayakuhusu na kuna Tutaonana. Alikuja mwaka wa uchaguzi wa 2015 akiwa anaenea kwenye ndoo ndogo ya rangi, chotara, mama yake ni mbwa wa aina ya jamani shephadi wa kampuni ya ulinzi, baba hajulikani. Kwaiyo pigeni hesabu wenyewe. Kwa mbwa mkubwa wa kilo thelathini na kitu huo ni uzee wa kweli, wale wadogo wa kubebwa ndo wanafika kumi na tano na kuendelea. Na ile hesabu ya kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni saba ya mtu dokta alituambia tuiache kabisa, mwaka wa kwanza pekee mbwa anakuwa tayari anaweza kuzaa, baada ya hapo inategemea ukubwa wa mwili.

Wasiwasi wenyewe uliingia taratibu. Kwanza asubuhi akawa anainuka kwa awamu, miguu ya mbele, anapumzika, alafu ya nyuma. Tukasema baridi ya mwezi wa saba. Alafu maji, yani anakunywa maji mpaka unajiuliza kala nini, sufuria inajazwa asubuhi na jioni ipo tupu, na mikojo ndo hivyo hivyo. Geti likigongwa anabweka mtu akishafika sebuleni. Macho yakawa na ukungu wa bluu. Ubavuni kukatokea uvimbe laini saizi ya limao. Mgongo ukaanza kuonekana mifupa. Bi mkubwa akawa anaamka usiku wa manane anatoka na tochi ya simu kwenda kuangalia kama anapumua, na mimi nilikuwa namsikia akifungua mlango najifanya nimelala.

Ushauri wa mtaani ni mwingi na wa bure. Kuna aliyesema tumpe diklofenaki, vidonge viko kila duka la dawa, kwake vinamsaidia goti. Kuna aliyesema mbwa mzee wa nini, mpigeni sindano alale mchukue mwingine ana watoto watatu wa bure. Jamaa wa duka la dawa za mifugo alikuja na mkoba wake akamchoma maltivitamini na dawa ya minyoo, akasema mama huo ni uzee, hauna dawa. Simpondi jamani. Hawa mabwana mifugo wengi wamesomea ng'ombe, mbuzi na kuku wa biashara, na kwenye kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa wanafanya kazi kubwa ambayo hakuna anaewashukuru. Ila kumpapasa mbwa mzee nusu saa kiungo kwa kiungo sio kazi waliyozoea, na neno uzee likishatamkwa ndo mwisho wa maongezi, hakuna mtu atauliza tena swali. Mimi nilichokuwa natafuta ni mtu ambae hatasema uzee kabla hajashika mbwa.

Kumfikisha tu ni mtihani. Bajaji hawataki, mmoja alisimama akaona kumbe abiria ni Mtasema akaondoka bila hata kuaga. Teksi za kwenye simu dereva anakubali, unamwandikia una mbwa, anafuta safari. Wengine ni mambo ya dini na hilo unaliheshimu, wengine ni kuogopa manyoya kwenye siti. Mwisho tukakodi kirikuu ya jirani, tukatandika godoro la zamani nyuma, mimi nikakaa nae huko huko nimemshika shingo, bi mkubwa mbele na kadi ya chanjo kwenye mfuko wa rambo. Kama mbwa wako ni mkubwa na miguu haina nguvu panga hili mapema, usisubiri siku anashindwa kabisa kusimama.

Sasa kliniki. Mapokezi dada mmoja mkarimu, alipoandika jina la mgonjwa akacheka akaita wenzake waje waone. Dokta ni kijana, kasoma SUA pale Morogoro, cheti chake cha Baraza la Veterinari kimebandikwa ukutani, na hicho nawashauri mkiangalie popote mtakapoenda maana anaejiita dokta wa mifugo sio lazima awe amesajiliwa. Akamsalimia bi mkubwa shikamoo vizuri, akakaa chini sakafuni. Sio kwenye kiti, sakafuni kabisa na suruali yake safi, akamwacha Mtasema amnuse mpaka amalize. Hapo bi mkubwa alishanunuliwa.

"Mama kabla sijamshika niambie kwanza, maji anakunywa kiasi gani?"

"Mwanangu dokta, namjazia sufuria ile ya wali, jioni ipo tupu."

"Sufuria hiyo mimi siijui mama. Kesho pima kwa chupa kubwa za maji, zile za lita moja na nusu."

Akaeleza kwamba kipimo wanachotumia wao ni mililita mia moja kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, kwaiyo mbwa wa kilo thelathini akipitisha lita tatu, yani hizo chupa mbili, hapo kuna kitu, inaweza kuwa figo, inaweza kuwa sukari, kwa jike ambae hajafungwa kizazi inaweza kuwa usaha kwenye mji wa mimba na hiyo ni ya kukimbizwa siku hiyo hiyo. Swali moja tu la maji limebeba mambo yote hayo. Akauliza anakula nini, kinyesi kikoje, anakohoa usiku, akilala anapumua mara ngapi kwa dakika. Hiyo ya mwisho hakuna aliyewahi kutuuliza. Anasema mbwa aliyelala usingizi mzito, kama hana shida ya moyo au mapafu, anatakiwa abaki chini ya pumzi thelathini kwa dakika, unahesabu kifua kikipanda na kushuka hiyo ni moja, unatumia saa ya simu. Ikipita hapo mara kwa mara unampigia dokta. Kwa bi mkubwa ambae tayari alikuwa anaamka usiku hiyo ilikuwa zawadi, maana sasa akienda na tochi ana kitu cha kuhesabu badala ya kusimama pale na moyo unadunda.

Kumpima ndo sehemu iliyonifanya niandike haya maoni. Alimpandisha kwenye mzani, kilo 29, wakati kadi ya chanjo ya zamani ilikuwa imeandikwa 34. Akainua mdomo akabonyeza fizi kwa kidole aone damu inarudi haraka kiasi gani, akasema fizi zimepauka kidogo. Meno yana ugaga wa kutisha, hilo halikuhitaji dokta, harufu ilishatuambia. Ule uvimbe wa ubavuni ambao ulikuwa unamnyima bi mkubwa usingizi alichoma sindano nyembamba akavuta kidogo akapaka kwenye kioo akaangalia, mafuta matupu, akasema uvimbe wa namna hii kwa mbwa wazee ni wa kawaida ila hakuna mtu anaeweza kuujua kwa kuushika tu, lazima sindano iingie, na kila utakaotokea mwingine uchomwe hivyo hivyo. Macho alimulika, alafu akachukua pamba akaidondosha mbele ya Mtasema, pamba haina sauti wala harufu, na mzee akaifuata kwa macho mpaka chini. Anaona. Ule ubluu sio mtoto wa jicho, ni lenzi inakakamaa na umri, mbwa wengi wakubwa wanakuwa nao na wanaona vizuri tu. Mtoto wa jicho anakuwa mweupe kabisa.

Alafu miguu. Alikunja unyayo wa nyuma akauweka kwa mgongo wake chini, juu chini yani, aone Mtasema ataugeuza haraka au atauacha. Akaugeuza hapo hapo. Akaangalia kucha za nyuma kama zimelika kwa kuburuzwa, hazijalika. Anasema jamani shephadi na machotara wao wana ugonjwa mmoja wa uti wa mgongo ambao hauumi kabisa, mguu unapoteza tu habari, na watu wanauchanganya na yabisi ya nyonga. Alipovuta mguu nyuma kufungua nyonga ndo Mtasema akanguruma, na huyu ni mbwa ambae watoto wanamvuta mkia. Basi ni nyonga, ni maumivu, na maumivu yana matibabu.

Hapo mimi nikasema dokta si utupe basi dawa ya maumivu, tumetoka mbali. Akakataa. Akasema dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, hata zile za mbwa zenyewe kama meloksikamu, zinapita kwenye figo na tumbo, na mbwa huyu anakunywa maji kupita kiasi na sijaona damu yake, nikimpa leo kesho anaweza kutembea vizuri alafu wiki ijayo mnamleta anatapika. Na diklofenaki ya jirani, au ibuprofeni, au panadol, visiguse mdomo wa mbwa huyu kabisa, hizi dawa za watu zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na panadol inaharibu ini na damu yenyewe. Kwangu mimi hiyo ndo alama kubwa ya kliniki. Dokta anaekataa kukuuzia dawa unayoiomba na hela unayo mkononi ni wa kushikilia.

Wakatoa damu, wakachukua mkojo. Sasa hapa ndo kuna nusu ya ile nyota niliyoikata. Mashine ya kupima damu ipo, nimeiona kwa macho, riejenti, yani kemikali za kupimia, zimeisha. Kwaiyo sampuli ikapelekwa maabara nyingine, na majibu yakaja yamechelewa kuliko siku tuliyoambiwa, na yalikuja kwa wasap saa nne usiku, picha tu ya karatasi yenye namba na mishale ya juu na chini, hakuna neno hata moja. Hebu fikirieni bi mkubwa na hiyo picha saa nne usiku. Kila mshale mwekundu kwake ni msiba. Dokta alipiga asubuhi akaeleza vizuri sana na kwa upole, lakini mtu mwenye mgonjwa mzee usimtumie namba bila maelezo usiku, ni bora ungekaa nayo mpaka kukuche.

Majibu yenyewe. Plateleti, yani chembe za kugandisha damu, ziko chini, damu imepungua kidogo, kipimo cha homa ya kupe kimeonyesha alishakutana na erlikia. Kreatini, yani taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa, ipo juu kidogo, mkojo ni mwepesi kama maji na una protini kidogo. Kwaiyo yule mzee ambae tuliambiwa ni uzee tu alikuwa na kijidudu kinachokaa ndani ya chembe nyeupe za damu, kinaletwa na kupe, na kinaweza kukaa kimya miezi hata miaka kabla hakijaanza kumla mbwa taratibu. Anapungua, anapauka, anachoka, wengine wanatoka damu puani, na kwa mbwa wa miaka kumi kila mtu anasema kazeeka. Dokta alikuwa mkweli pia kwamba kipimo kile kinaonyesha kinga za mwili, yani mbwa alikutana na ugonjwa, sio lazima uwe unamla leo, ila ukiunganisha na plateleti zilivyo na alivyopungua ni lazima atibiwe.

Dawa ni doksisaiklini wiki nne, na inapatikana duka la dawa la kawaida kwa bei ya chini tu, wakatuandikia tukanunue nje badala ya kutuuzia wao, pointi nyingine hiyo. Masharti yake ni apewe na chakula sio tumbo tupu, baada ya kidonge anywe maji maana kikikwama kooni kinachubua, na kisipitishwe na maziwa. Bi mkubwa alikuwa anakificha ndani ya kipande cha maini. Mtasema alikula maini mwezi mzima, majirani wakasema kweli.

Kabla doksi haijaisha alishaanza kubweka mtu akiwa bado nje ya geti. Sio kwamba amekuwa kijana, miguu ni ile ile, lakini macho yamerudi, anafuata watu jikoni, ameanza tena kumfukuza paka wa jirani mpaka katikati ya uwanja alafu anakumbuka nyonga anasimama.

Figo hazitapona, hilo tuliambiwa wazi, ila zinaweza kutunzwa. Kreatini huwa inachelewa kupanda, anasema figo zinaweza kupoteza kama robo tatu ya uwezo ndo ianze kuonekana kwenye kipimo hiki cha kawaida, kwaiyo ukiiona imepanda hata kidogo usiidharau. Maji asinyimwe kamwe, kuna watu wanapunguza maji ili mbwa asikojoe ndani, hiyo ni kumuua. Chakula kimebadilika. Tulikuwa tunampa kama wengi mnavyowapa, ukoko wa ugali, dagaa, vichwa vya samaki, mifupa. Dagaa na mifupa ina fosforasi nyingi na dagaa wa chumvi ndo kabisa, figo mbovu haiwezi. Sasa ni wali, nyama kidogo isiyo na mfupa, mboga, mayai kwa kipimo, na dokta alitupangia uzito wa kila kitu kwa kilo zake. Na kuna hili la unga, naomba mlisikie: ule unga uliovunda au mahindi yenye ukungu ambayo watu wanasema basi mpe mbwa, msimpe. Ni sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa halina ujanja nayo.

Wanauza pia chakula cha figo cha kutoka nje, mfuko mdogo tu bei yake unaweza kununua gunia la mkaa na chenji ikabaki. Ni kizuri, sikatai, kimetengenezwa kwa kazi hiyo, na kama mfuko unaruhusu nunua. Mtasema alikinusa akaangalia pembeni. Tukabaki na cha kupika.

Kwa maumivu walimpa gabapentini, kapsuli za watu hizo hizo ila kwa kipimo chake, na onyo moja ambalo sikuwahi kulisikia popote: ile ya maji usinunue, baadhi zinatiwa zailitoli ya kuleta utamu na zailitoli kwa mbwa ni sumu. Siku za mwanzo alikuwa anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, tukapiga simu, wakapunguza, akakaa sawa. Na mafuta ya samaki. Kuna kopo la glukosamini pia dada wa mapokezi alilisogeza kwenye meza kwa tabasamu, ya viungo mama, inasaidia sana. Nilimuuliza dokta mbele yake, akasema kwa kweli ushahidi wake ni dhaifu, haitamdhuru, lakini hela hiyo mngeweka kwenye kipimo cha marudio. Dada akalirudisha kopo kabatini. Kwaiyo glukosamini kama bidhaa mimi naipa nyota moja na nusu, nusu ni ya kopo zuri.

Huduma ya dokta kuja nyumbani. Hii nilidhani ni anasa ya watu wa Masaki, kumbe kwa mbwa mkubwa mzee ndo inatakiwa iwe ya kwanza. Alichelewa sana, foleni, na hakupiga simu kusema anachelewa, hilo lipo kwenye nyota. Lakini alipofika hakuanza na mbwa, alianza na nyumba. Akatembea njia anayopita Mtasema. Sebule yetu ina tailizi zinazong'aa, bi mkubwa anazipenda, na dokta akasema mama hizi ndo zinammaliza mzee, kila akisimama miguu ya nyuma inatawanyika na nyonga inaumia upya. Sufuria ya maji ilikuwa barazani, ngazi tatu juu. Mbwa mwenye figo mbovu na nyonga mbovu anapanda ngazi tatu kila akipata kiu. Hakuna dokta angeyaona hayo akiwa kliniki hata awe bingwa vipi. Sasa maji yapo chini sehemu mbili, vipande vya kapeti vyenye mpira chini vimetandikwa kwenye njia yake, kucha zinakatwa, na kitanda alitengeneza fundi makochi, sponji ngumu nene imeshonewa turubai inayofutika. Vitanda vya mbwa vya dukani nilivyoviona mjini ni vya kupendeza kwenye picha, vingi pamba tu ndani, mbwa wa kilo 29 akilala anagusa sakafu.

Kupe nao wakatafutwa. Hawa wa mbwa hawakai kwenye majani peke yake, wanaingia ndani, wanataga kwenye nyufa za ukuta na za banda, mayai kwa maelfu, kwaiyo unaweza kumuogesha mbwa kila siku na bado wapo. Tukaziba nyufa, tukapulizia banda, na yeye anapewa kidonge cha kutafuna kinachokaa kama miezi mitatu. Ni ghali lakini bora kuliko kumuogesha kwa dawa ya ng'ombe ya kukadiria kwa kifuniko. Kama mbwa wako ana kifafa mwambie dokta kwanza, hivi vidonge vina tahadhari yake hapo.

Siku hiyo hiyo ya nyumbani bi mkubwa alimuuliza lile swali. Mimi nilikuwa naogopa alisikie mtu yeyote. "Dokta mwanangu niambie ukweli, namtesa?" Kijana hakukimbilia kujibu. Alisema mama sio leo. Akamwambia achukue kalenda ile ya ukutani, kila jioni aweke alama, je leo kala mwenyewe, kainuka mwenyewe, kaja kutusalimia, kalala bila kulia, na siku alama mbaya zitakapoanza kuwa nyingi kuliko nzuri nipigie nitakuja hapa hapa nyumbani, hatapandishwa kirikuu, ni sindano ya usingizi kwanza alafu ile nyingine, hatasikia. Bi mkubwa akasema haya. Kalenda ipo jikoni karibu na mita ya luku, na tangu siku hiyo usiku analala, akiamka ni mara moja anahesabu pumzi anarudi.

Nyota iliyobaki imeenda wapi, nimeshasema ya riejenti na ya wasap. Nyingine ni chumba cha kusubiri, benchi moja, mbwa na paka wote humo humo, siku yetu kulikuwa na paka kwenye kapu na bul terya anamkodolea, mwenye paka analia karibu. Hawana kifunga mdomo cha saizi kubwa, walimfunga Mtasema kwa bandeji, na msaidizi mwenyewe anaogopa mbwa, sijui aliipataje hiyo kazi. Bei ya kumuona dokta ni elfu thelathini, vipimo vyote vya damu, mkojo na kupe vilikaribia laki mbili, kuja nyumbani unaongeza elfu hamsini na nauli. Ndiyo, ni hela. Lakini piga hesabu ya maltivitamini za kila wiki na minyoo na makopo, nyumba nyingi zinatoa hela hiyo hiyo kidogo kidogo na mbwa hajawahi kupimwa. Wanapokea lipa namba, risiti omba mwenyewe.

Kwa anaetaka kwenda: Jumamosi fika kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo ni foleni na jua, kivuli kipo cha gari mbili tu. Mkojo wa asubuhi ukiweza kuukinga nyumbani kwenye kopo safi kabla hajanywa maji njoo nao, ndo wanaoutaka, chukua upawa wa zamani ufunge kwenye fimbo umfuate nyuma taratibu, ukimkabili anaacha. Kadi za chanjo zote hata zilizochanika beba, zile kilo zilizoandikwa pembeni ndo zilituonyesha amepungua. Na sakafu yao pia ni tailizi kwaiyo njoo na kapeti lako.